Tumehamia Mtwapa, Kura Tumeiacha Mvita

Kila alfajiri, baada tu ya sala, matatu za Mtwapa hujaa watu ninaowajua. Mmoja nilisoma naye madrasa Kuze. Mwengine babake alikuwa na duka la leso mtaa wa Biashara. Na yule bibi anayependa kukaa nyuma ya dereva na kapu lake la mahamri, zamani alikuwa akiyauza kwenye mlango wa nyumba yao Majengo, sasa huyapandisha gari hadi Marikiti. Sote tulikuwa tukiishi kisiwani, mwendo wa miguu baina ya nyumba na nyumba. Siku hizi twaonana ndani ya matatu, tukisinzia.

Jambo hili halikuanza jana. Katika sensa ya 2019 kaunti ya Mombasa ilikuwa na watu 1,208,333, na Mvita, yaani kisiwa chenyewe, watu 154,171 pekee. Hiyo ni takriban mtu mmoja kati ya wanane. Kisauni peke yake ilikuwa na 291,930, na Likoni 250,358. Mombasa ya watu ilishavuka maji zamani, na sasa imevuka hata mpaka wa kaunti. Ukipita Shanzu na daraja la Mtwapa umeingia Kilifi, na huko ndiko wengi wetu tulikojenga: Mtwapa yenyewe, Mtepeni, Kanamai, Kikambala. Upanuzi wa barabara ya Mombasa hadi Kilifi umeongeza hamu hiyo.

Sababu kila mtu anazo zake, lakini kuna moja naisikia mara kwa mara. Nyumba ya marehemu babu ina warithi tisa. Hawakubaliani nani akae, nani alipwe, na mwisho wanauza. Fungu la mtu mmoja halimpi hata chumba kisiwani, lakini Mtepeni linampa ploti ya futi 50 kwa 100, na akijibana, msingi na kuta. Wapo pia waliokuwa na nyumba bila shamba, wale ambao matofali ni yao na ardhi ni ya mtu mwengine, wakalipa kodi ya shamba miaka yote. Kwa mtu kama huyo kushika hati yenye jina lake ni jambo kubwa, hata kama hati hiyo iko mwendo wa saa nzima kutoka kwao. (Wengine walichoshika ni makubaliano ya mauzo tu yaliyoandikwa mbele ya mzee wa mtaa, lakini hiyo ni makala ya siku nyengine.)

Mimi nilihama na familia yangu miaka mitatu iliyopita. Sitasema uongo, mwaka wa kwanza ulitushinda. Mama ndiye aliyeumia zaidi. Kuze alikuwa na baraza, mlango wazi, na watoto wa watu kumi wa kuwatuma nazi. Huku kila nyumba ina ukuta, na juu ya ukuta vipande vya chupa, na geti la chuma lililofungwa mchana kutwa. Alasiri alikuwa akitoa kiti chake nje ya geti, akakaa anaangalia bodaboda zinavyopita, asimjue hata mmoja. Jirani wa kwanza kumsalimia alikuwa mama wa Kigiriama aliyekuwa akipita na mitungi. Siku ya tatu alisimama akamuuliza, "Mama, mbona wakaa juani, hapo kwenu hapana mti?" Basi wakaanza. Sasa mwarobaini uliopandwa pale ni wa yule mama, na ukitaka kumpata mama yangu saa kumi, hakuna haja ya kupiga simu.

Hayo ya upweke yana dawa. Yaliyonifanya niandike ni mengine.

Maji kwanza. Chanzo cha Baricho, kilicho kando ya mto Sabaki, kiko ndani ya kaunti ya Kilifi. Maji yake husafirishwa kwa bomba kuu hadi Mombasa, na njiani yatupita kama matatu iliyojaa. Sisi twanunua mitungi, na wenye uwezo hujaziwa tanki na lori. Wengine tumechimba visima, na hapo ndipo penye hatari ambayo watu hawaitaji. Ardhi yetu huku ni mwamba wa matumbawe, una matundu kama sifongo. Katika ploti ya futi 50 kwa 100 nimechimba kisima upande mmoja na shimo la choo upande wa pili, na jirani yangu amefanya vivyo hivyo, na jirani yake naye. Mtu mmoja akifanya hivyo porini pengine hakuna neno. Tukifanya mia tatu, twanywesheana. Ukuta wangu, hata ukiwa mrefu vipi, haufiki chini ya ardhi. Hilo lahitaji bomba la maji safi na mfereji wa maji taka, na hivyo ni vitu vinavyojengwa kwa bajeti ya serikali.

Taka nazo, kisiwani tulilalamika kwamba gari limechelewa. Huku hakuna gari la kulalamikia. Twachoma nyuma ya ukuta, na upepo wa kaskazi wampelekea jirani.

Basi twaenda kwa nani? Mtepeni na Shimo la Tewa ni wadi za Kilifi Kusini, pamoja na Junju, Mwarakaya na Chasimba. Kila moja ina mwakilishi wake katika bunge la kaunti. Mwakilishi wadi ni mwanasiasa, na mwanasiasa ana hesabu yake kichwani: mtaa fulani ulinipa kura ngapi. Akifika kwetu, kwenye magorofa na kuta na hati na magari, hesabu hiyo humtolea namba ndogo sana. Maana sisi, siku ya uchaguzi, huamka mapema na kupanda matatu kurudi kisiwani. Majina yetu yako kwenye shule za Mvita tulizosoma utotoni.

Tazama sasa mkorogano wenyewe. Sensa ilimhesabu mtu pale alipolala usiku wa 24 Agosti 2019. Aliyelala Mtwapa alihesabiwa Kilifi, iliyopata jumla ya watu 1,453,787. Idadi ya watu ni moja ya vigezo vya kugawa fedha za kaunti. Kwa hivyo Kilifi hupata mgao kwa ajili yako wewe uliyelala pale. Lakini mgao huo ukishafika na kuanza kugombaniwa, wadi hii na ile, mtaa huu na ule, wewe huna kauli. Kule Mvita nako una kauli juu ya taa za mtaa usioupita usiku. Tumejigawa wenyewe: mwili kaunti moja, sauti nyengine.

Nimewauliza wenzangu kwa nini hawahamishi kura, na sheria yaruhusu. Wengine ni uvivu tu, kama wangu. Lakini wapo wenye hoja, na si hoja ya kudharau. Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, Waswahili twapungua kisiwani. Tukiondoa na kura, Mji wa Kale utasemewa na nani?" Nilinyamaza, kwa sababu uchungu huo naujua. Tumeona nyumba za mapaa ya makuti na mabati zikigeuka maghorofa, na waliomo hatuwajui. Lakini kura ya mtu aliyekuja asubuhi na kuondoka adhuhuri haijaizuia nyumba hata moja isiuzwe. Nyumba zile tuliziuza sisi warithi tisa.

Hoja ya pili husemwa kwa sauti ya chini: huku ni kwa Wamijikenda, sisi ni wageni, siasa zao hazituhusu. Hapa lazima tuseme ukweli wa pande mbili. Magofu ya Jumba la Mtwana yako papo hapo Mtwapa, mji wa Waswahili wenye misikiti na visima tangu karne ya 14, kwa hivyo ugeni wetu ni wa ajabu kidogo. Lakini jirani yangu wa Kigiriama ana kumbukumbu nyengine. Chini ya sheria ya hati za ardhi ya 1908, katika ukanda huu wa pwani waliosajiliwa wenye ardhi wengi walikuwa Waarabu na Waswahili wenye mali, na Wamijikenda wengi waliokuwa wakiilima wakabaki kuitwa maskwota. Wajukuu wao ndio majirani zetu. Wakituona twaja na hati, twajenga ukuta, twafunga geti, na hata mkutano wa mtaa hatuendi, unadhani wakumbuka nini? Mimi naona kwamba kujiita mgeni hakuwapunguzii shaka majirani. Mtu aliyenunua ardhi, akazikataa shida za walio juu yake, ndiye wanayemjua tangu zamani.

Mwezi uliopita kulikuwa na kikao cha kuchukua maoni ya wananchi kuhusu bajeti, chini ya mwembe karibu na shule. Mama yangu alipata habari kutoka kwa shoga yake wa mwarobaini, wakaenda pamoja. Alirudi akiniambia kwamba wenyeji waliomba barabara ya kwenda zahanati, wakaomba walimu wa chekechea, na kuhusu maji walizungumzia kibanda cha kuuzia maji upande wao wa juu. Huku chini, kwenye visima na mashimo ya vyoo, hakuna aliyesema kitu. Walioketi kutoka mtaa wetu walikuwa wanawake wawili na kijana mmoja wa bodaboda. Wanaume tulikuwa Mombasa, kazini.

Aliponyanyuka kutaja kisima, karani alimuuliza anapiga kura wapi. Mama alijibu, "Hapa." Alishahamisha jina lake bila ya kuniambia, yeye na mke wangu, siku moja nilipokuwa kazini. Kwa hivyo katika nyumba yetu ya watu wazima watatu, aliyebaki Mvita ni mimi. Uchaguzi ni Agosti 2027, na ofisi ya eneo bunge hufunguliwa siku za kazi, saa ambazo mimi huwa nimeshavuka daraja la Nyali.