Maniema ya Kusini: ufunguo ukipotea Kabambare, jeepu nzima inalala

Gari likizama kwenye tope kati ya Kasongo na Kabambare, watu wanajua la kufanya. Wanatafuta majembe, kamba, matawi ya miti na vijana wenye nguvu, na baada ya saa moja au siku mbili gari linatoka. Lakini likisimama kwa sababu ufunguo umepotea, majembe hayasaidii. Jeepu mpya ya kuwashwa kwa kitufe haiwaki kwa kusukumwa. Usukani umejifunga, gia ya otomatiki imekaa kwenye P, na hata kulivuta gari hilo hadi kijiji cha karibu ni kazi. Fundi mwenye mashine ya kuliamsha ni vigumu kumpata katika wilaya hizi mbili, na anayemtafuta huishia kupiga simu Kinshasa au Lubumbashi.

Jambo hili linaonekana dogo, tena la matajiri. Nani atamlilia mheshimiwa aliyepoteza ufunguo wa jeepu yake? Lakini kusini mwa Maniema chombo kinachokwama si cha mheshimiwa peke yake. Timu ya chanjo, ambulansi, watu wa uchaguzi na wahandisi wa miradi ya serikali nao wanazidi kupewa magari ya namna hiyo hiyo, na kila moja huja na swali ambalo mara chache huulizwa siku ya kulipokea: funguo ni ngapi, na ya pili iko wapi?

Kwa miaka mingi gari la huku lilikuwa Land Cruiser ya zamani, na ufunguo wake ulikuwa kipande cha chuma tu. Fundi wa sokoni anaubana kwenye jiliwa, anachukua tupa, anachonga wa pili kwa kufuata meno ya wa kwanza. Ukipotea kabisa, anafungua kifuniko chini ya usukani, anaunganisha waya, safari inaendelea. Watu wa misioni, wa hospitali na wafanyabiashara wa mchele wa Kasongo walizoea hivyo.

Magari yamebadilika, barabara imebaki. Mwezi wa sita 2022 wabunge wa kitaifa walipewa jeepu za Hyundai Palisade, na nchi nzima ilipiga kelele kuhusu bei yake. Kelele hizo zilikuwa na haki yake. Ila bei ya kununua ndiyo sehemu rahisi ya kuhesabu. Vikao vya kawaida vya bunge hufungwa katikati ya mwezi wa sita na katikati ya mwezi wa kumi na mbili, na hapo wabunge hutakiwa kurudi kwa wapiga kura wao. Likizo ya pili inaangukia katika mvua. Karibu kilomita 250 kutoka Kindu hadi Kasongo, kisha njia ya kwenda Kabambare na Salamabila: huko ndiko gari lililotengenezwa kwa ajili ya lami ya Seoul linapopimwa.

Ili kuelewa ugumu wenyewe, ni lazima kujua ufunguo wa siku hizi ni kitu gani. Ndani ya plastiki yake kuna chipu ndogo isiyohitaji hata batri. Gari linatuma mawimbi ya redio, ya kilohezi 125 au 134, nayo yanaipa chipu nguvu ya kujibu. Gari linauliza, chipu inapiga hesabu yake ya siri na kurudisha jibu. Jibu lisipolingana, kompyuta ya gari inakataa injini kuwaka. Ulaya ilifanya kizuizi hicho kuwa cha lazima kwa magari madogo mapya mwaka 1998 ili kupunguza wizi, na tangu hapo kimeenea hata kwenye magari yanayouzwa mbali na Ulaya. Kwa hiyo fundi wa sokoni anaweza kuchonga meno yote sawasawa, mlango ukafunguka, na injini isiwake.

Jeepu ya kitufe imeongeza hatua nyingine. Ufunguo wake unajibu gari kwa redio yenye nguvu zaidi, na redio hiyo inataka batri. Hapa kuna jambo ambalo kila shofa angepaswa kufundishwa kabla hajakabidhiwa gari: batri ya ufunguo ikiisha, ufunguo haujafa. Kwenye Toyota nyingi za kitufe, shofa anatoa ufunguo mdogo wa chuma uliofichwa ndani ya plastiki, anafungua mlango, anakanyaga breki, kisha anagusisha ufunguo kwenye kitufe cha kuwashia. Chipu ile isiyohitaji batri inasomwa, gari linawaka. Asiyejua hilo anaweza kulala porini kwa ajili ya batri ya CR2032, kitu cha ukubwa wa sarafu.

Ufunguo ukipotea kweli, kuna hali mbili, na tofauti kati yake ni kubwa sana. Ikiwa mmoja umebaki, fundi mwenye kifaa chake anachomeka waya chini ya dashibodi, anaonyesha gari ufunguo wa zamani, anaandikisha mpya. Mara nyingi ni kazi ya dakika chache. Ikiwa hakuna hata mmoja uliobaki, gari halina wa kumwamini. Kwenye Toyota nyingi za kitufe, kifaa kinapaswa kufuta kumbukumbu ya funguo zote na kusubiri kama dakika 16 kabla ya kuanza upya, na baadhi ya aina mpya haziruhusu hilo bila msimbo kutoka kwa mtengenezaji. Kwenye aina nyingine inabidi kompyuta yenyewe ing'olewe na kusomwa mezani. Mercedes-Benz na BMW ni ngumu zaidi, na afadhali zisionekane kabisa kwenye njia ya Salamabila.

Katika kazi yote hiyo umeme wa gari haupaswi kushuka. Batri ikichoka katikati ya kuandika, kompyuta inaweza kuharibika, na mwenye gari aliyekuwa anatafuta ufunguo sasa anatafuta kompyuta. Mahali ambapo wengi wanategemea jenereta na sola, hilo si tishio la kwenye karatasi.

Sasa ufunguo wa pili uko wapi? Jibu la kawaida kwenye mashirika na ofisi nyingi ni kwamba uko kwa bosi. Uko kwenye droo Kinshasa, au kwenye sanduku la chuma Kindu. Sababu yake inaeleweka: wakubwa wanaogopa shofa atachukua abiria, atauza mafuta, atakwenda kwenye msiba wa shangazi yake kwa gari la kazi. Lakini hesabu hiyo haijakamilika. Anayefungia ufunguo wa pili umbali wa ndege mbili anamdhibiti shofa siku zote za mwaka, kisha siku moja anapoteza gari lote kwa wiki kadhaa. Kudhibiti shofa kuna njia nyingine: daftari la safari, kisoma kilomita, kifaa cha kufuatilia gari kwa setilaiti. Hakuna njia nyingine ya kuwasha gari lisilo na ufunguo ambayo ni ya haraka.

Na njia ya kuleta msaada imekuwa ndefu. Kabla ya mwaka 2025, Goma na Bukavu zilikuwa duka na garaji ya sehemu kubwa ya mashariki. Kilichotoka Dubai au Kampala kilifika huko, kisha ndege ndogo ikakileta Maniema. M23 waliingia Goma mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Katikati ya mwezi wa pili uwanja wa Kavumu na mji wa Bukavu nao ukaangukia mikononi mwao. Fundi, ufunguo na hata pesa za kulipia vililazimika kutafuta njia nyingine: kupitia Kinshasa kwa ndege hadi Kindu, kupitia Lubumbashi kwa reli ya SNCC inayopita Kongolo na Kibombo, au kutoka Dar es Salaam kupitia Kigoma na Kalemie. Hakuna hata moja kati ya hizo ambayo mtu aliyesimama njiani na mgonjwa ndani ya gari anaweza kuisubiri. Kwa Kabambare, ambako Mai-Mai Malaika na makundi mengine yamesumbua raia kwa miaka karibu na mgodi wa dhahabu wa Namoya, gari lisiloondoka kabla ya giza ni hatari kwa waliomo. Wakiliacha, asubuhi wanaweza kulikuta bila batri na bila magurudumu.

Kuna mtego mwingine ambao unawakamata hata wenye pesa. Mtu anaona kwenye simu ufunguo unaofanana na wake, anautuma ndugu yake Dubai au Guangzhou aununue. Ufunguo unafika, una vitufe vile vile, lakini gari halitaki kuutambua. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia masafa ya redio yaliyo karibu na megahezi 315, yale ya Ulaya megahezi 433. Mashariki ya Kongo yana yote mawili: yenye usukani wa kuume yaliyopita Mombasa au Dar es Salaam, na yenye usukani wa kushoto. Kinachopaswa kutumwa kwa muuzaji ni picha ya namba ya chasi na namba iliyoandikwa kwenye plastiki ya ufunguo, wala si picha ya gari linalong'aa. Toyota mpya huja pia na kibati kidogo chenye namba ya meno ya ufunguo. Kibati hicho kikipigwa picha siku ya kwanza na picha ikatunzwa ofisini, nusu ya kazi imekwisha kufanyika.

Wanaochoka na mambo haya humwomba fundi aondoe kizuizi kabisa ndani ya kompyuta, ili gari la ufunguo wa kuchomeka liwake kwa chuma tu kama zamani. Inawezekana kwa magari mengi ya aina hiyo, na mtu aliyekwama hawezi kulaumiwa sana. Lakini gari hilo tangu siku hiyo ni la yeyote mwenye bisibisi, katika eneo lenye watu wenye bunduki.

Hofu ya wizi inagusa pia mashine zenyewe. Vifaa vya kuprogramu funguo vya Autel na Xhorse, kampuni za Shenzhen huko China, vinauzwa wazi, na kijana wa Kasongo aliyesoma umeme wa magari anaweza kujifunza kuvitumia. Hiyo ni habari njema. Kifaa hicho hicho kinatengeneza ufunguo kwa mwenye gari na kwa mwizi wake. Mwaka 2020 watafiti wa Ubelgiji na Uingereza walionyesha hata chipu za baadhi ya Toyota, Hyundai na Kia zilikuwa na siri dhaifu. Fundi wa kwanza atakayefungua meza ya kazi hiyo kusini mwa Maniema atahitaji daftari: jina la mteja, carte rose, namba ya chasi, kitambulisho, na sahihi. Polisi wa barabarani, ambao hawachoki kuomba karatasi kwenye vizuizi, wangeweza kwa mara moja kuziomba mahali panapofaa.

Atahitaji intaneti pia, kwa sababu vifaa hivi mara nyingi hutuma hesabu kwenye seva za mbali kabla ya kutoa jibu. Mwezi wa tano 2025 mamlaka ya mawasiliano, ARPTC, iliipa Starlink ruhusa ya kufanya kazi nchini, baada ya kuizuia mwaka mmoja kabla. Mtandao kwa hiyo si kikwazo kisichovukika tena kwa mwenye pesa za antena na sola.

Inabaki pesa ya mashine na mafunzo. Ufunguo mmoja wa jeepu ya kifahari kwa wakala hugharimu mamia ya dola, kabla ya tiketi ya fundi na siku zake za kusubiri ndege. Mashirika manne au matano yenye magari Kasongo, yakiunganisha hela ambazo kila moja hupoteza kivyake, yanaweza kumfundisha fundi mmoja na kumnunulia kifaa. Kabla ya hapo, kuna hatua isiyo na gharama kubwa: gari jipya linapofika Kindu na fundi wa muuzaji bado yupo, liandikishwe ufunguo wa tatu, nao ukae Kasongo kwa daktari mkuu wa eneo la afya au kwa msimamizi wa wilaya, ndani ya bahasha iliyofungwa na kutiwa sahihi.