Mama mjamzito, sahani yake na kikombe cha chai



Alhamisi iliyopita, mama mmoja wa kikundi chetu, mwenye mimba ya miezi saba, alifika kwenye mkutano akitoka moja kwa moja kituo cha afya. Aliketi bila kusalimia, jambo ambalo si desturi yake. Tulipomuuliza alitupa kadi yake tusome. Pale penye kipimo cha damu paliandikwa 8,2 na muganga alikuwa amepiga mstari chini yake mara mbili.

"Lakini mimi ninakula vizuri," alisema. "Sombe ninakula, maharagi ninakula, lengalenga iko nyuma ya nyumba. Damu yangu inaenda wapi?"

Ulizo hilo halikutuacha tulale. Hakuwa akidanganya. Wengi wetu hapa Bukavu tunakula kama yeye, na wengi wetu tumewahi kuambiwa kwamba damu ni kidogo, tule mboga. Tunarudi nyumbani, tunakula mboga zilezile tulizokuwa tunakula jana, kisha mwezi unaofuata kipimo hakijapanda. Kwa hiyo juma hili tumekaa na muganga wa kituo, tukamuuliza yote, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza ile namba. Mama mwenye mimba anatakiwa awe na gramu 11 za hemoglobini au zaidi katika kila desilita ya damu. Katikati ya mimba inaweza kushuka kidogo, mpaka 10,5, bila shida. Chini ya hapo amepungukiwa damu. Chini ya 7 ni hatari ya kukimbiza hospitali. Hemoglobini ndiyo inayobeba hewa mwilini, na haitengenezwi bila madini ya chuma. Kwa mimba yote, mwili wa mama unahitaji karibu gramu moja ya chuma, yaani miligramu 1000: kwa mtoto, kwa kondo la nyuma, na kwa damu ya mama mwenyewe inayoongezeka. Gramu moja ni kitu kidogo sana mkononi, lakini kuikusanya toka sahani hadi damu ni kazi ya miezi tisa.

Wengi wetu tunadhani shida ya damu kidogo ni kizunguzungu na uchovu tu. Shida kubwa inangoja siku ya kuzaa. Kila mwanamke anapoteza damu anapozaa. Aliye na akiba anavumilia, kesho yake anaomba uji. Asiye na akiba, damu ileile ambayo mwenzake aliipoteza bila neno inaweza kumtoa duniani. Na sote tunajua jinsi ilivyo usiku, baba anatumwa kutafuta ndugu wa kutoa damu, simu hazishiki, na saa zinaenda.

Turudi kwenye sahani. Muganga alitueleza kwamba chuma cha chakula kiko namna mbili. Kuna kile cha nyama, samaki, kuku na maini, ambacho mwili unakipokea kwa urahisi. Na kuna kile cha majani, maharagi, soya na nafaka, ambacho kinaingia kwa shida, sehemu kubwa inapita na kutoka. Mama wetu alikula chuma kingi cha namna ya pili. Kilikuwa kwenye sahani, lakini hakikufika kwenye damu.

Na aliyekuwa anakifungia mlango ni chai. Hapo mkutano wote ulicheka, kisha ukanyamaza, maana kila mmoja alikuwa anahesabu vikombe vyake. Majani ya chai, hasa ile nzito, yana kitu kinachoshika chuma cha mboga na maharagi tumboni na kukizuia kisiingie. Kikombe kimoja pamoja na chakula kinaweza kupunguza zaidi ya nusu ya chuma ambacho mwili ungepata. Kahawa nayo ni vilevile, na kutia maziwa hakuondoi shida hiyo. Mama yetu alikunywa asubuhi na mkate, akanywa tena mara tu baada ya bugali na maharagi, akanywa jioni ili kutuliza njaa. Chai ni ya milima yetu wenyewe, hatusemi iachwe. Tunasema iondoke mezani. Inywewe saa moja au mbili baada ya chakula, au kabla yake kwa muda huohuo. Sisi walimu ndio wa kwanza kukosa: mapumziko ya saa nne ni chai na chakula tulichofunga nyumbani, vyote pamoja, na hatujawahi kufikiri.

Kama chai inafunga mlango, matunda yanaufungua. Vitamini C inasaidia chuma cha mboga kuingia. Mapera yanayo nyingi sana, na kwetu watoto wanayaangusha na kuyaacha chini. Papai, machungwa, limau, marakuja, nyanya mbichi iliyokatwa na kitunguu, vyote vinafaa, ila viliwe katika mlo uleule, wala si saa tatu baadaye. Kuhusu sombe tuseme jambo moja. Sombe lazima itwangwe na kuchemka muda mrefu, tusifupishe, kwa sababu sumu ya muhogo ni ya kweli. Lakini kule kuchemka kwa muda mrefu kunaua sehemu kubwa ya vitamini C yake. Kwa hiyo anayekula sombe amalize kwa pera moja, au akamue limau juu ya sahani. Lengalenga na matembele yenyewe hayahitaji kuteseka motoni, yakilegea yatosha.

Maharagi yalowekwe usiku, na maji yale yamwagwe asubuhi. Yanaiva upesi, makala yanapungua, na sehemu ya kile kinachozuia chuma inaondoka na maji.

Sasa sambaza. Hapa ndipo tulipopata furaha, kwa sababu tulidhani tutaambiwa tununue nyama ya ng'ombe, na bei yake kila mama anaijua. Samaki hawa wadogo, ambao waliletwa ziwani Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wanaliwa wazima na kichwa chao, na chuma chao ni kile cha namna ya kwanza. Tena wanafanya kazi ya pili: samaki au nyama kidogo ikichanganywa na maharagi au majani, inasaidia hata chuma cha maharagi na majani kuingia. Hivyo kiganja kimoja cha sambaza wakavu, waliotwangwa wakawa unga na kutiwa kwenye sufuria ya maharagi, kinabadilisha sufuria nzima. Wenzetu wa Uvira watafanya hivyo na ndakala zao. Atakayepata maini, mara moja kwa juma yatosha. Yana vitamini A nyingi, na ikizidi si nzuri kwa mtoto aliye tumboni.

Lakini mama yetu alikuwa na sambaza nyumbani. Tulipoendelea kuulizana, alisema alizipika Jumapili. Nani alizikula? Baba kwanza, ndiyo heshima. Kisha watoto, kwa sababu wanalia. Yeye alichovya bugali kwenye supu iliyobaki. Hakuna aliyemlaumu, maana nyumba nyingi ni hivyo. Kuku akichinjwa, firigisi inajulikana ya nani, maini yanajulikana ya nani, na mama anajulikana anakula mwisho. Kuna pia familia ambamo mwanamke mwenye mimba anakatazwa mayai, akiambiwa mtoto atazaliwa bila nywele. Tunawaheshimu mabibi zetu, na mengi waliyotufundisha yanatusaidia hadi leo. Lakini katazo linalomnyima chakula mwanamke anayetengeneza damu ya watu wawili, hilo tuliseme wazi nyumbani, kwa upole, na baba awepo. Mume wa mama huyo aliposikia ile 8,2 na maana yake, yeye mwenyewe alisema sambaza zigawiwe kuanzia sahani ya mama. Hakuwa mtu mbaya. Hakuwa ameambiwa.

Mambo mengine mafupi, kwa kuwa yaliulizwa. Soda nyekundu haiongezi damu, wala grenadini, wala tomati ya kopo iliyokorogwa na maziwa; rangi nyekundu si damu. Maji ya matembele yaliyochemshwa, ambayo wengi tunakunywa, hayana ubaya, lakini tusinywe maji na kutupa majani, majani yaliwe. Na ule udongo mweupe unaouzwa sokoni: hamu ya kuula mara nyingi ni dalili yenyewe ya kukosa chuma, na ukifika tumboni unaweza kushika hata kile chuma kidogo kilichopo, tena unaweza kuleta minyoo. Anayejisikia hamu hiyo asione haya. Amwambie muganga.

Vidonge sasa. Chakula pekee hakitoshi kwa mimba, tusidanganyane. Ndiyo maana kituo kinatoa vidonge vya chuma na asidi foliki, kimoja kila siku kwa mama ambaye damu yake ni nzuri. Aliyeshuka kama mama yetu anaandikiwa zaidi, na muganga ndiye anayesema ngapi. Mama yetu alikuwa navyo. Vilikuwa kwenye kopo juu ya kabati, karibu vyote. Alikuwa ameacha juma la pili, kwa sababu choo kilikuwa cheusi akaogopa, na jirani alimwambia vinakuza mtoto mpaka anashindwa kutoka. Choo cheusi ni kawaida kwa anayemeza chuma, hakina hatari. Na vidonge havimfanyi mtoto kuwa mkubwa kupita njia. Vinapunguza hatari ya kuzaa mtoto mwenye kilo chache mno. Kama vinachafua roho, vimezwe usiku kabla ya kulala, na chakula kidogo, na maji au maji ya limau. Kwa chai, hapana. Kama tumbo linafunga, maji mengi na papai. Vikishindikana kabisa, rudi kituoni wabadilishe. Usiviweke juu ya kabati.

Tena kuna damu inayoliwa na malaria. Mama anaweza kula sambaza kila siku, lakini kama anaumwa na mbu kila usiku ni kama kujaza ndoo iliyotoboka. Chandarua ni cha mama kwanza. Dawa ya kuzuia malaria inatolewa kituoni kuanzia mwezi wa nne, na inarudiwa. Dawa ya minyoo nayo baada ya mwezi wa tatu. Na mwenye kupumua kwa shida hata akiwa ameketi, moyo ukipiga mbio, viganja na ndani ya kope vikiwa vyeupe, asingoje siku yake ya kupimwa. Aende siku hiyohiyo.

Kwenye mkutano tuliamua jambo moja dogo. Likelemba yetu ya kila Alhamisi iendelee kama ilivyo, lakini kila mama alete pia kiganja kimoja cha sambaza wakavu, au pesa yake kama hana. Vitatwangwa pamoja, na unga utagawiwa kwa wenye mimba wa kikundi, ambao kwa sasa ni wanne. Tulihesabu: wanawake ishirini na watatu, viganja ishirini na vitatu kwa juma. Mama mmoja aliuliza, je, unga huo ukifika nyumbani, baba na watoto hawataumaliza? Tulijadili karibu nusu saa. Mwishowe tulikubaliana kwamba utatiwa kwenye sufuria ya wote, kwa sababu hakuna mama atakayekula peke yake watoto wakimtazama, na kwamba siku hiyo mama atajipakulia wakati mmoja na wengine, si baada yao.

Mama wa 8,2 atapimwa tena baada ya majuma manne. Amekubali tuandike hapa namba itakayotoka, iwe nzuri iwe mbaya. Wenye mimba ambao hawajapimwa damu tangu mwanzo waje Alhamisi na kadi zao, saa nane, tutakwenda kituoni pamoja.