Tumwachie Nahodha Chombo Chake

Mtanisamehe nikianza kwa kujisuta mwenyewe. Nilipokuwa Kidato cha Kwanza niliandika insha kuhusu meli iliyopatwa na dhoruba baharini. Mawimbi yalikuwa makubwa kama milima, upepo ulinguruma kama simba mwenye njaa, nami shujaa wa insha nilikuwa nimeshikilia mlingoti kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukiwaokoa akina mama na watoto. Nilipewa alama 17 kwa 20, na insha ikasomwa darasani. Wakati huo, maji mengi kuliko yote niliyokuwa nimeyaona kwa macho yangu ni bwawa la shamba la chai.

Sisi wa huku kwenye majani chai, kutoka Kericho hadi Bomet, tunaipenda sana bahari ya kwenye karatasi. Tunayo hata methali yake: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hakuna mjadala wa viranja wala wa kamati ya burudani unaokwisha bila mtu kuitoa, na wote tunapiga makofi. Lakini ni nani kati yetu aliyewahi kufikiri kwamba methali hii inasema juu ya chombo chenyewe, chombo cha mbao kilicho majini na watu ndani yake? Mimi sikuwahi, mpaka likizo ya Aprili mwaka jana. Siku hiyo mmoja wa wale manahodha wengi nilikuwa mimi.

Shangazi yangu ni mwalimu katika kisiwa cha Mfangano, Ziwa Viktoria, na ameolewa huko huko. Nilikwenda kumtembelea. Kwenda kulikuwa raha tupu, ziwa limetulia, ndege weupe wanatufuata nyuma. Kurudi ndiko kulikokuwa na mambo. Ilikuwa Jumapili, na Jumatatu shule zinafunguliwa. Si mnaijua sheria: ukifika baada ya saa kumi na moja jioni unarudishwa nyumbani kumleta mzazi. Kwetu ni Mogogosiek, na mzazi wangu siku za majani mengi haachi shamba kwa urahisi. Kwa hiyo nilitaka nilale Mbita, niamkie matatu alfajiri.

Saa nane na nusu tulikuwa ufuoni Sena, watu kama thelathini hivi, tukiingojea boti ya mbao yenye injini ya kufungwa nyuma. Nahodha wake, mzee mwembamba ambaye kila mtu alimwita Kapteni, alikuwa ameketi juu ya dumu la petroli akitazama mashariki. Huko mashariki, upande wa kwetu hasa, mawingu yalikuwa yamejenga mnara mweusi wenye kichwa cheupe. Mzee akasema maneno matatu tu: "Leo tungoje kidogo."

Hapo ndipo manahodha wakazaliwa. Bwana mmoja akasema anakwenda mazishini Homa Bay na maiti haimngojei. Mwingine akasema ameshalipa nauli, arudishiwe. Kijana mmoja akacheka ati mzee amezeeka sasa anaogopa vivuli. Na mimi, niliyekuwa nimevaa sweta ya shule makusudi ili watu wanionee huruma, nikapaza sauti: "Kapteni, kesho tunafungua shule. Nikichelewa nitafukuzwa!" Mama mmoja muuza omena, aliyekuwa na magunia matatu, ndiye peke yake aliyesema, "Mwacheni mzee, anajua ziwa lake." Tukamwambia eti yeye hana haraka. Baada ya nusu saa ya kelele Kapteni akainuka, akakung'uta suruali, akasema tupande.

Wacha niwaambie, dhoruba ya kweli haifanani na ya insha yangu hata kidogo. Kwanza, hayo mawimbi kama milima huyaoni, manake huinui kichwa. Kilichokuja mwanzo ni baridi. Upepo wa joto ulikatika ghafla, ukaja mwingine wenye harufu ya mvua, harufu ninayoijua tangu utotoni. Kisha maji yakabadilika rangi. Mawimbi ya ziwani ni mafupi na yamekaribiana, hivyo boti haimalizi kupanda la kwanza kabla la pili halijaipiga. Pua inainuka, inaanguka, pa! na mbao zote zinalia. Kila pua ilipozama, nyuma ilinyanyuka na injini ikatoka majini ikapiga yowe. Nilichokiona kwa muda wote huo ni viatu vya mtu aliyeketi mbele yangu, na maji ya kahawia yakipanda juu ya viatu hivyo. Niliitapikia ile sweta ya shule. Yule bwana wa mazishini alikuwa akilia kwa sauti, akiwataja watoto wake mmoja mmoja kwa majina. Jaketi za kuokoa maisha zilikuwamo, lakini wengi wetu tulikuwa tumezikalia kama mito, sasa kila mtu anavuta na kamba zimefungamana.

Kapteni hakutukemea. Alipunguza injini, akaielekeza pua kwenye mawimbi ili yasitupige ubavuni, akamwashiria kijana wake ateke maji kwa dumu lililokatwa. Halafu mawe yakaanza kuanguka. Mvua ya mawe, ile ile yetu ya Kericho, inatupiga vichwani katikati ya ziwa! Kapteni akaonyesha magunia kwa kidole. Magunia yote matatu ya omena yakatupwa majini, na mwenye magunia ndiye aliyesaidia kuyasukuma.

Hatukufika Mbita. Tulijibanza katika kisiwa cha Takawiri, tukalala huko kwa watu tusiowajua. Shuleni nilifika Jumanne, yaani siku ile ile ambayo ningefika kama tungemsikiliza mzee. Usiku ule yule mama aliniuliza kama nimekula. Baadaye nikasikia kwamba magunia yale aliyanunua kwa mkopo wa chama chao cha akina mama. Sikujua la kumwambia, na hadi leo sijui.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Ajali ya majini ikitokea, watu husema ni kazi ya Mungu, wengine husema ni ziwa limekasirika. Mimi sikubaliani nao. Meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, na mamia ya watu wakafa, hapakuwa na dhoruba ya kuilaumu. Ilikuwa imebeba watu na mizigo kupita kiasi. MV Nyerere nayo, iliyokuwa na ruhusa ya kubeba watu 101, ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 200 wakafa mbele ya macho ya jamaa zao. Ikiwa maji matulivu yanaweza kutufanyia hivyo kwa sababu ya pupa yetu, je, yakichafuka?

Mfano wa kuchafuka ni MV Skagit. Tarehe 18 Julai 2012 ilitoka Dar es Salaam mchana ikielekea Unguja, na Julai ni mwezi wa kusi kali. Skagit ilitengenezwa Marekani mwaka wa 1989 kwa ajili ya maji ya jimbo la Washington, maji yaliyozungukwa na nchi kavu, siyo kwa bahari ya wazi. Ilipigwa na upepo na mawimbi, ikapinduka karibu na kisiwa cha Chumbe, na watu zaidi ya 100 wakapotea. Mabaharia wa majahazi waliokuwa wakienda Oman tangu enzi za mababu walijua kwamba kusi linapokaza sana, Juni na Julai, chombo hukaa. Hawakuwa na redio wala setilaiti. Walikuwa na subira, na abiria wao walikuwa nayo pia, manake hapakuwa na wa kumpigia nahodha kelele akasikilizwa.

Na abiria tuna nguvu kuliko tunavyodhani. Usiku wa tarehe 9 Septemba 2011, kabla ya MV Spice Islander kung'oa nanga Unguja kwenda Pemba, wapo waliouona ule msongamano wakakataa kupanda. Bila shaka waliambiwa ni waoga, kama sisi tulivyomwambia Kapteni wetu. Kabla ya mapambazuko meli ilikuwa imezama.

Hata Ulaya walijifunza jambo hili kwa machozi. Mwaka wa 1859 meli iitwayo Royal Charter ilivunjwa na dhoruba kwenye pwani ya Wales, watu zaidi ya 400 wakafa. Baada ya hapo Robert FitzRoy, yule aliyekuwa nahodha wa meli aliyosafiri nayo Charles Darwin, alianzisha ishara za tahadhari. Kuanzia mwaka wa 1861 bandari zilipata habari kwa simu ya maandishi, zikapandisha alama mlingotini: dhoruba yaja, msitoke. Wako wenye vyombo walionung'unika kwamba wanapoteza siku za kazi. FitzRoy alikufa mwaka wa 1865, na mwaka uliofuata ishara zikasimamishwa. Unajua nini kilitokea? Watu wa pwani wakadai zirudishwe, na mwaka wa 1867 zikarudi.

Msomaji wa Litein au Kapsoit atauliza, haya yote yanatuhusu nini sisi tulio kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambao chombo chetu ni matatu? Yanatuhusu sana, na hapa naomba mwalimu wa Jiografia anisahihishe nikikosea. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko ziwa. Hewa yenye unyevu hutoka ziwani, hupanda miinuko yetu, hupoa, hugeuka mawingu makubwa. Ndiyo sababu mvua yetu hupenda kuja alasiri, na ndiyo sababu Kericho hutajwa miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Katika miaka ya 1960 wenye mashamba walifikia hata kutuma ndege zikayatie mawingu dawa ili mawe yasipasue majani chai. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, upepo unashuka kurudi ziwani kutoka pande zote, unakutana katikati, na dhoruba zinazaliwa juu ya maji wakati ule ule wavuvi wako kazini na taa zao. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016 kwa kutumia picha za setilaiti ulionyesha kwamba dhoruba za mchana kwenye nchi kavu iliyozunguka ziwa husaidia kubashiri dhoruba kali za usiku ziwani.

Yaani mawe yanayotupigia mabati saa tisa, tukafurahi kwamba michezo imefutwa, ni tahadhari kwa mvuvi wa Rusinga. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa katika Ziwa Viktoria kila mwaka, wengi wao wavuvi. Tangu mradi wa HIGHWAY ulipoanza mwaka wa 2017, idara za hali ya hewa za nchi zetu zimekuwa zikitengeneza utabiri wa ziwa unaoweza kueleweka na mvuvi wa kawaida. Hilo ni jambo jema. Lakini utabiri utamfaa nini nahodha ambaye akisema "tungoje" anazomewa na watu thelathini, mmoja wao akiwa mwanafunzi mwenye sweta ya shule?

Kwa hivyo nina maombi mawili. La kwanza ni kwetu wanafunzi. Ukiwa ufuoni au hata stendi ya matatu siku ya ukungu wa Kericho, aliyeshika usukani akisema bado, nyamaza. Kama unaona yeye ndiye mwenye pupa, teremka.

La pili ni kwa walimu wetu, nami nalisema kwa heshima. Shule hii ina wanafunzi wanaotoka visiwani na ufuoni, wachache lakini wapo. Mwanafunzi wa Mfangano anapofika Jumanne akasema ziwa lilichafuka, asirudishwe. Najua wapo watakaodanganya, hata mimi nawajua watatu. Kuna namna ya kuhakikisha: apige simu chifu, au mwalimu wa huko. Lakini sheria ya saa kumi na moja jioni haina budi kujua kwamba kuna mtoto ambaye, kwa kuiogopa, anaweza kumlazimisha mzee wa watu aondoe boti. Nasema hivi manake mtoto huyo nilikuwa mimi, na hofu yangu ya kurudishwa nyumbani ilikuwa kubwa kuliko hofu ya maji ambayo sikuyajua.

Ile insha ya alama 17 bado ninayo. Nimejaribu kuiandika upya mara mbili, na kila mara inakuwa fupi zaidi. Badala yake nimeanza daftari dogo la mvua ya mawe: tarehe, saa ilipoanza, saa ilipokwisha. Wiki iliyopita mawe yalipiga paa la bweni kuanzia saa tisa na dakika arubaini. Wengi tulikuwa tukiyaokota dirishani na kuyatia kwenye vikombe. Mwenzangu wa Rusinga, ambaye baba yake hushua boti jioni, aliniuliza saa, akaenda kusimama upande wa magharibi wa bweni mpaka kengele ya masomo ya jioni ilipolia.