Kundi la WhatsApp Si Kamusi ya Ndege

Leo nina ugomvi na wapenda ndege wenzangu wa Kitale na Bungoma. Ni watu ninaowaheshimu. Wanaamka saa kumi na moja alfajiri, darubini shingoni, wanakwenda kinamasi cha Saiwa au chini ya Mlima Elgon, na wakirudi nyumbani wanatupa ujuzi wao wote shimoni. Shimo lenyewe ni WhatsApp.

Mnajua mambo yanavyokwenda. Mtu anatuma picha: "Huyu ni ndege gani?" Anajibiwa, na anajibiwa vizuri, na mtu aliyemfuatilia ndege huyo miaka ishirini: tofauti yake na anayefanana naye, mahali anapojenga kiota, jina lake kwa Lubukusu. Kesho yake jibu limezikwa chini ya salamu za asubuhi, mchango wa harusi na tangazo la shamba linalouzwa Kiminini. Wiki inayofuata anakuja mwanachama mpya na swali lile lile. Mjuzi wetu anajibu tena. Mara ya kumi anachoka, ananyamaza, na watu wanaanza kusema ana maringo.

Mimi ni mtengenezaji wa programu, kwa hiyo naliona hili kama kosa la kuchagua chombo. Kundi la maongezi limetengenezwa kwa maongezi. Ujumbe unakaa kwenye simu za wanachama, na mitambo ya kutafuta habari haiwezi kuufikia. Simu ikiibiwa stendi ya Kitale na haikuwa na nakala rudufu, kumbukumbu imeondoka nayo. Na msiniambie kampuni kubwa haifi. Yahoo Groups ilikuwa kubwa. Desemba 2019 Yahoo ilianza kufuta yaliyohifadhiwa humo na Desemba 2020 ikafunga kabisa. Google+ ilizimwa tarehe 2 Aprili 2019. Waliokuwa wameweka maarifa yao humo hawakuwa wajinga kutuzidi.

Hapa Kitale tuna mfano mwingine kabisa, na tunapita mbele ya lango lake kila siku. Hugh Stoneham, mwanajeshi mstaafu, alikuwa mpenda wadudu na ndege tu. Mwaka 1926 alianzisha makumbusho yake, na alipofariki mwaka 1966 aliiachia nchi mkusanyo wake. Ndio uliozaa Makumbusho ya Kitale tunayoyajua. Sisemi haya kumpamba; alikuwa mlowezi katika ardhi iliyokuwa na wenyewe, na wenyewe hao walikuwa na majina ya ndege hao kabla yake. Lakini tazama: burudani ya mtu mmoja ingali inasomwa na wanafunzi leo, kwa sababu aliiweka mahali ambapo mwingine angeweza kuichukua. Sisi tuko wengi, tuna simu zenye kamera ambazo yeye hakuziota, na tutaacha nini? Emoji.

Kuna watakaosema kazi imeshafanyika. Kweli, kitabu cha Lewis na Pomeroy cha ramani za ndege wa Kenya kilitoka mwaka 1989, na mradi wa Kenya Bird Map unakusanya taarifa za watazamaji kwa vipande vya nchi vyenye upande wa kilomita tisa hivi. Jiungeni nao, ni kazi nzuri. Ila ramani hiyo inajibu ndege kaonekana wapi na lini. Haimjibu mtoto wa Kamukuywa anayeuliza ndege huyu sisi tunamwitaje.

Na suala la majina ndilo gumu kuliko lote. Kwa Kiswahili, "korongo" ni jina la ndege wa jamii mbili tofauti. "Mwewe" kwa watu wengi ni yeyote anayenyakua vifaranga. Upande wa pili ndege mmoja ana jina la Kiswahili, la Lubukusu, la Kisabaot, na pengine Kimilili wanamwita tofauti na Chwele. Ukijenga hifadhidata ukatumia jina kama ufunguo, umekwisha. Hata jina la kisayansi hubadilishwa na wataalamu. Basi mpe kila ndege namba isiyobadilika (Wikidata inafanya hivyo tangu 2012, hatuna haja ya kubuni zetu), kisha majina yote yaning'inie kwenye namba hiyo, kila jina na mahali lilipotoka. Msichague moja "sahihi" mkafuta mengine!

Sasa nasikia, "Tutafute mfadhili, tutengeneze programu ya simu." Jamani. Programu ya simu inataka mtu wa kuihudumia kila mwaka, na fedha za mfadhili zikiisha naye anaondoka. Mwaka 2009 hadi 2010 Google iliendesha shindano la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania, na zawadi juu yake. Makala ziliingia kwa mamia. Zawadi zilipokwisha, wengi wa waandishi hawakuonekana tena, na kazi ya kusafisha tafsiri mbovu ikawaangukia wale wachache waliokuwa wakiandika bure tangu mwanzo. Tunachohitaji ni kurasa za maandishi matupu ambazo yeyote anaweza kuzihariri, zenye leseni huria, na faili lake zima liweze kupakuliwa hata na mtu wa bando la shilingi ishirini. (Neno "wiki" la kurasa za namna hii limetoka Kihawaii, maana yake haraka. Kwetu ni siku saba, na nadhani sisi ndio tuko karibu na ukweli.)

Kijana mmoja aliniambia ya nini yote haya, si utauliza akili bandia? Akili bandia hujifunza kutokana na kilichoandikwa. Jina analolijua kukhu yako wa Chwele, ambalo halijawahi kuandikwa popote, itakubunia, tena bila kupepesa macho.

Tuanze na korongo taji. Kila mtu anamfahamu, Waganda wamemweka kwenye bendera, na tangu 2012 yumo katika orodha ya kimataifa ya ndege walio hatarini kutoweka. Anazaa kwenye vinamasi, na vinamasi vyetu tunavijua vinavyogeuka kuwa shamba la mahindi. Ukurasa uwe na picha, majina, kinamasi alichoonekana, tarehe, na nani alimwona. Nimeshaandika sehemu ya Kiswahili. Sehemu ya Lubukusu na ya Kisabaot ziko wazi; wa Kimilili na wa Kapsokwony, mnajuana.