Kiingereza Nacho Kina Upande

Kila Kiswahili kinapotajwa katika mambo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, huzuka hoja ileile: tubaki na Kiingereza, maana si lugha ya kabila lolote hapa kwetu, hivyo hakimpendelei mtu. Hoja hii imerudiwa mpaka ikazoeleka kama kweli. Si kweli, na wanaoumia ni wanyonge.

Kiingereza kinampendelea aliyepata shule nzuri. Muulize Mrundi, au Mkongomani wa Bukavu aliyesomeshwa kwa Kifaransa, kama anaiona haki hiyo.

Nenda mipakani, nenda Busia, nenda Rusumo. Mama mwenye matenga ya nyanya anapatana bei kwa Kiswahili, na dereva wa lori anajieleza forodhani kwa Kiswahili. Upo utaratibu mwepesi wa kuvusha bidhaa za kwetu zisizozidi thamani ya dola 2,000, uliowekwa kwa ajili ya watu kama huyo mama. Lakini itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, iliandikwa kwa Kiingereza. Haki yake anaisikia kwa dalali, na dalali hasemi bure. Hapo ndipo ilipo faida ya lugha hiyo isiyo na kabila: iko mfukoni mwa anayejua kuisoma.

Wengine watasema Kiswahili hakina maneno ya sheria na uchumi. Bunge la Tanzania limejadili bajeti kwa Kiswahili miaka nenda miaka rudi, na tangu 2021 sheria ya nchi hiyo inakitambua kuwa lugha ya sheria na mahakama. Hoja ya Waganda ina uzito zaidi. Kwao wengi waliisikia lugha hii vinywani mwa askari waliowatesa, na jeraha hilo si la kubezwa. Ila wengi wa wanaokizungumza Kiswahili leo wamejifunza ukubwani au shuleni, kila mmoja akiwa na lugha ya mama yake. Hakuna kabila linaloweza kukitumia kututawala.

Mkataba wa Jumuiya wa 1999 ulikipa Kiingereza urasmi, Kiswahili kikaambiwa kisubiri kukuzwa. Wakuu wa nchi waliridhia Februari 2021 kiwe lugha rasmi, pamoja na Kifaransa. Basi fomu za forodha ziandikwe kwa Kiswahili, na wabunge wetu wa Jumuiya kule Arusha wajadiliane kwa lugha ambayo yule mama wa Busia anaweza kuifuata redioni. Uamuzi ulishapitishwa, utekelezwe.