Nyuki wanapohama

Juma lililopita kundi kubwa la nyuki lilitua katika mwembe ulio nyuma ya shule yetu, likaning'inia tawini kama mfuko mweusi. Watoto wakaokota mawe, wakubwa wakaitisha moto. Tuliwazuia wote. Wengi hudhani ya kuwa nyuki wa namna hii wamekuja kushambulia watu. Sivyo. Wamejaza matumbo yao asali kwa ajili ya safari, wala hawana masega na majana ya kulinda. Asiyewachokoza, kwa kawaida hawamdhuru.

Nyuki huhama kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya neema. Maua yakizidi na mzinga ukijaa, watumishi hulea malkia wapya. Kabla binti wa kwanza hajatoka chumbani mwake, mama mzee huondoka pamoja na sehemu kubwa ya watumishi, akamwachia nyumba, majana na akiba. (Kwetu watu, mtoto ndiye aondokaye akajenge!)

Wakiwa tawini, wapelelezi mia kadhaa hutafuta shina lenye uwazi au pango. Mwaka 1949, huko München katika Ujerumani, bwana Martin Lindauer, mwanafunzi wa Karl von Frisch, aliona nyuki wakicheza juu ya kundi lililotua, wengine wamechafuka masizi, wengine vumbi jekundu la matofali. Akatambua kwamba hao hawakutoka mauani, bali walikuwa wakikagua nyumba. Mwelekeo wa mchezo, ukilinganishwa na jua, waonyesha upande wa kufuata. Muda wake waonyesha umbali. Mahali palipo bora huchezewa zaidi, na wengine huenda kupatazama wenyewe, hata mwisho karibu wote husifu pamoja. Malkia hatoi amri yo yote. Ndipo hupasha miili moto, wakaruka.

Namna ya pili ni ya shida, na nyuki wetu wa Afrika huifanya upesi kuliko wale wa Ulaya. Kundi zima hutoroka, lisiache mrithi. Maua na maji yakikauka, majana ya mwisho hukomaa, akiba huliwa, mzinga hubaki mtupu. Lakini siafu wakiingia, au mtu akija na mwenge, huenda wakakimbia mara moja na kuacha hata majana. Sisi nasi utotoni tulishika mienge hiyo. Mwaka uliofuata tulirudi kwenye mti ule ule, tukakuta utando wa buibui.

Baba mmoja wa jamaa alituuliza jinsi ya kuwapata wale wa mwembe. Tulimjibu: pakaza nta ndani ya mzinga, uutundike kwa waya uliopakwa mafuta mazito, siafu wasipite, nyuki wakiingia, usiwasumbue kwa majuma kadhaa. Siku ya kuvuna tumia moshi kidogo, ukate masega ya asali tu, yenye majana uyaache.

Siku ya tatu, karibu saa nne asubuhi, kundi liliondoka kuelekea mtoni. Mzinga wake alikuwa bado anauchonga.