Wimbo wa Guile niliouza kwa buku

Wafanyabiashara wenzangu, leo naomba tuache kidogo habari za mtaji na mikopo ya kausha damu. Nataka kuongelea muziki wa gemu. Najua kuna mtu ameshaguna, huyu naye, gemu na biashara wapi na wapi. Vumilia, kuna buku yangu humu ndani na mpaka leo inanisumbua.

Mimi nina duka la vifaa vya simu hapa Morogoro. Kava, protekta, chaja, spika ndogo, na pembeni kompyuta ya kuwekea watu nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Sikusomea biashara wala kompyuta. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja yalivyokuja, mengine nikajifunza mwenyewe.

Siku hiyo nimewasha spika ya kuonyesha wateja, inapiga wimbo niliopakua intaneti. Akapita kaka mmoja wa miaka arobaini na kitu, anatafuta protekta. Akasimama ghafla.

"Mdogo wangu, huo si wimbo wa Guile?"

Nikamwambia ndiyo wenyewe, wa Street Fighter.

"Mbona umekuwa hivi? Mbona una gitaa?"

Alisikiliza mpaka ukaisha. Akanihadithia walivyokuwa wakicheza Sega kwa jirani, watoto kumi na pedi mbili, aliyepigwa anampisha mwenzake. Nikamwekea nyimbo za aina ile kama ishirini, nikamchaji buku. Akaondoka anacheka peke yake, protekta kaisahau.

Kesho yake nikabandika karatasi mlangoni: NYIMBO ZA GEMU ZA ZAMANI, SAUTI MPYA, 1,000. Zikawa zinatoka. Si sana, ila zinatoka. Mpaka akaja dogo mmoja mwanafunzi, akasoma karatasi, akaniambia, "Kaka, hizi mbona wenyewe wanazitoa bure? Na wamekataza mtu asiziuze." Nilimjibu vibaya. Nikamuuliza na bando langu ni bure? Akanyamaza akaondoka, lakini usiku sikutulia, nikaingia kusoma.

Ndiyo nikajua kitu nilichokuwa nauza.

Street Fighter II ilitolewa mwaka 1991 na Capcom, kampuni ya Japani. Karibu muziki wake wote alitunga dada mmoja anaitwa Yoko Shimomura, wakati huo ana miaka ishirini na kitu, yaani rika langu. Mashine za gemu za wakati ule hazikuwa na gitaa wala mpiga ngoma. Zilikuwa na chipu ya Yamaha inayotengeneza sauti yenyewe, nane kwa mpigo, na chipu nyingine ya kutoa vishindo na sauti fupi zilizorekodiwa. Basi. Kwa vifaa hivyo akatengeneza wimbo wa Guile, wa Ken, wa Ryu, wa Chun-Li, kila mpiganaji na wake, na ukikaribia kufa wimbo unaongeza kasi. Waliocheza wanajua ule mwendo unavyokutoa jasho mikononi.

Mwaka 1992 gemu ikahamia Super Nintendo. Mle chipu ya sauti ni ya Sony, na kumbukumbu yake ya sauti ni kilobaiti 64. Picha moja ya bidhaa unayowatumia wateja WhatsApp mara nyingi inaizidi. Mwaka 1993 ikaingia Sega, chipu nyingine tena, sauti nyingine tena, kavu zaidi. Ina maana yule kaka wa protekta anaukumbuka wimbo wa Sega, mtu mwingine anaukumbuka wa Super Nintendo, na kila mmoja anaapa wake ndiyo halisi. Kwa hiyo watu wanaosema mashabiki wameuharibu wimbo halisi, mimi nawauliza, upi? Kilichohama toka mashine hadi mashine bila kupotea ni ile melodi. Zile noti ambazo mtu anazipiga mluzi bila kujijua.

Sasa hao mashabiki. Mwaka 1999 Mmarekani mmoja, David Lloyd, alianzisha tovuti inaitwa OverClocked ReMix. Mtu anachukua wimbo wa gemu ya zamani, anaupanga upya kwa sauti za sasa, gitaa la umeme, biti za hip hop, piano, chochote anachoweza, halafu anautuma. Hapa ndipo nilipoona hawa watu siyo wa mchezo, maana siyo kila kinachotumwa kinapandishwa. Kuna waamuzi wanaosikiliza na kupiga kura. Ukiuacha wimbo vilevile ukabadilisha ala tu, wanakurudishia. Ukienda mbali mpaka wimbo wa mwanzo hausikiki, wanakurudishia pia. Melodi ya zamani lazima isikike na itawale, na juu yake uonekane mkono wako. Na hakuna anayelipwa. Mtu anakaa wiki nzima na heedifoni, anarudishiwa, anarekebisha, anatuma tena, bila senti.

Nikawaza maduka yetu, mtanisamehe. Kuna mama hapa mtaani kwetu alikuwa na banda la chipsi, foleni mpaka barabarani. Akapata pesa, akahamia fremu nzuri, vigae, taa, menyu ya picha, na ile pilipili yake ya kusaga mwenyewe akaiacha, akaleta ya chupa kwa sababu inaonekana ya kisasa. Foleni ikaisha. Alibadilisha melodi akaacha ngoma. Wale wa rimiksi wangemrudishia kazi yake siku ya kwanza. Tatizo la biashara ni kwamba mteja hakurudishii kazi, anahama tu kimyakimya.

Siyo kwamba naona kila rimiksi ni nzuri. Zile za gitaa linalolia mwanzo mpaka mwisho zinanichosha, na kuna watu wakipata ngoma nzito wanaijaza mpaka wimbo wenyewe unaomba hewa. Lakini ukipata moja iliyokaa sawa, mtu mzima anasahau protekta.

Mwaka 2006 hao mashabiki walitoa albamu nzima ya nyimbo za Super Street Fighter II Turbo, wakaiita Blood on the Asphalt. Bure, kama kawaida yao. Kule Capcom walikuwa wanaiandaa gemu hiyohiyo upya kwa PlayStation 3 na Xbox 360, picha mpya, kila kitu kipya. Wakaisikia ile albamu. Kampuni yenye mali ingeweza kuwapelekea barua ya mwanasheria. Badala yake ikawapa kazi. Super Street Fighter II Turbo HD Remix ilipotoka Novemba 2008, muziki uliomo ndani ulikuwa wa mashabiki wa OverClocked ReMix. Mtu uliyemzoea anacheza gemu yako sebuleni kwao sasa jina lake limo kwenye gemu.

Nawasikia mnasema, umeona, ukichukua cha mtu ukakiboresha atakuita mwenyewe. Hapana. Hapo ndipo mnapokosea na mimi ndipo nilipokosea. Capcom waliwaita watu ambao hawakuwahi kuuza hata wimbo mmoja wa ile albamu. Kama wangekuwa na karatasi mlangoni imeandikwa 1,000, sidhani kama simu ingepigwa.

Angalia kilichotokea pesa ilipoingia. Mwaka 2012 watu walewale walitaka kutoa albamu kubwa ya nyimbo za Final Fantasy VI, nyimbo 74, CD tano. Nyimbo zingeendelea kuwa bure, ila walichangisha pesa za kuchapisha CD na gharama nyingine. Kampuni yenye gemu, Square Enix, ikashtuka na uchangishaji ukasimamishwa. Hawakutukana, hawakusema "sisi ndiyo tunawatangazia gemu lenu". Walikaa wakazungumza, wakaelewana masharti, wakafungua upya, wakapata zaidi ya dola 150,000. Albamu ikatoka 2013. Nia yao ilikuwa njema toka siku ya kwanza, na bado walilazimika kwenda kuomba ruhusa.

Kuna rafiki yangu wa duka la jirani nilimweleza yote haya, akanicheka. Japani ni mbali, nani atakuja Morogoro kwa ajili ya flashi ya buku? Nakubali, hatakuja mtu. Lakini nyuma ya duka letu anakaa dogo mmoja anatengeneza biti kwenye laptopu mbovu, skrini ina ufa. Mwaka jana duka moja lilichukua biti yake likaweka kwenye tangazo, bila kumuuliza, bila jina. Huyu rafiki yangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kukasirika, alitaka twende tukawatolee maneno. Sasa tofauti ya huyo dogo na mtu aliyekaa wiki nzima na heedifoni huko Marekani ni nini? Umbali tu. Na sheria tunayo, ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, mwaka uleule tovuti yao ilipofunguliwa. Kupanga upya wimbo wa mtu ni haki ya mwenye wimbo kuiruhusu. Anayetaka kujua zaidi COSOTA wapo, aulize, kuliko kuniuliza mimi mwenye kidato cha nne.

Nilitoa ile karatasi. Halafu nikajikuta siwezi kuishia hapo, maana Bongo Fleva nilizokuwa nawawekea watu nazo zina wenyewe. Nikaacha na hizo. Nisiwadanganye, imeniuma. Kompyuta ile ilikuwa inaniingizia elfu tano, sita kwa siku, siku ya mwisho wa mwezi mpaka kumi, na wateja wa nyimbo ndio walewale waliokuwa wananunua na memori kadi. Sasa hivi naitumia kuchapisha na kutuma maombi ya kazi ya watu, inaingiza nusu ya hiyo. Kodi ya fremu haijapungua kwa sababu mimi nimekuwa mwaminifu. Mama yangu aliponiuliza mbona mezani pamepungua nikamweleza habari ya Guile, akaniangalia kama mgonjwa.

Rimiksi za gemu bado napiga dukani, tena zinavuta watu. Mtu akizipenda namwandikia kwenye kikaratasi jina la wimbo, jina la aliyeupanga, na anwani ya tovuti aende akapakue mwenyewe. Hasiyekuwa na bando anaunganisha kwangu. Siuzi chochote hapo. Wengine wanaondoka na kikaratasi tu, wengine wakisubiri wimbo ushuke wanaanza kuulizia bei ya spika, na spika nimeuza tatu kwa mtindo huo mwezi huu. Na yule dogo mwanafunzi nilimtafuta nikamwomba radhi. Akauliza kama nina rimiksi za Mega Man.

Yule kaka wa kwanza alirudi juzi, protekta yake bado hajanunua, skrini imeshapata mistari. Nikatoa buku nikamwekea mezani, nikamweleza kwa nini. Akaisukuma kwangu. "Ulinitafutia, ukaniwekea, ulitumia bando lako. Hiyo ni kazi, mdogo wangu." Nikamwambia kazi yangu ilikuwa dakika tano, ya yule aliyeupanga upya wiki nzima, na ya Shimomura sijui niiweke wapi. Tukabishana pale mpaka wateja wawili wakaingilia, mmoja upande wangu, mmoja upande wake. Protekta nilimbandikia kwa elfu tatu, bei ya kawaida. Buku ameiacha juu ya kaunta, na bado ipo pale chini ya kioo.